Ndugu Waliotengana Nasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mtazamo wa Kanisa Katoliki kwa Wakristo wa Madhehebu Mengine

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya Wakatoliki wanaoishi, wanaofanya kazi, na mara nyingi wanaooana na Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, Wasabato na Wapentekoste, na pia kwa ajili ya ndugu hao wanaotaka kujua Kanisa Katoliki linawatazamaje. Yanafuata mafundisho ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, na Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Pale ambapo maoni ni ya mwandishi mwenyewe, imesemwa wazi.

Je, Kanisa Katoliki linawahesabu Waprotestanti kuwa Wakristo kweli?

Ndiyo. Hati ya Mtaguso kuhusu umoja wa Wakristo, Unitatis Redintegratio, ilipitishwa tarehe 21 Novemba 1964 kwa kura 2,137 dhidi ya 11, katika Mtaguso ambao Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa mmoja wa mababa wake. Hati hiyo inafundisha kwamba waliohesabiwa haki kwa imani katika ubatizo wameunganishwa na Kristo, kwamba wana haki ya kuitwa Wakristo, na kwamba Wakatoliki wanapaswa kuwatambua kuwa ndugu zao katika Bwana. Hati nyingine ya siku hiyohiyo, Lumen Gentium, inataja kwa jina mambo tunayoshiriki pamoja nao: heshima kwa Maandiko Matakatifu, imani katika Mungu Baba na katika Kristo Mwana wa Mungu na Mwokozi, ubatizo, sala, na vipaji vya Roho Mtakatifu ambavyo vimewatia nguvu baadhi yao hata kumwaga damu.

Basi Mkatoliki anayesema "yule si Mkristo, ni mlokole tu" anasema jambo ambalo Kanisa lake mwenyewe limelikataa. Hata hivyo, hati hiyohiyo inasema kwamba ushirika huo, ingawa ni wa kweli, haujakamilika. Fundisho hili lina pande mbili, na anayeshika upande mmoja tu, uwe wa undugu au wa utengano, hajalifikisha lote. Karibu kila swali linalofuata hapa linazaliwa na jambo hilo.

Ubatizo wa mchungaji asiye padre wa Kanisa Katoliki unakubalikaje?

Swali hili ni la zamani, na lilijibiwa kwanza barani Afrika. Katikati ya karne ya tatu, Siprian, askofu wa Kartago, alishikilia kwamba aliyebatizwa na wazushi hakubatizwa, na kwamba akija Kanisani abatizwe. Papa Stefano wa Kwanza alimpinga, akasema desturi ya Kanisa ni kumpokea mtu huyo kwa kumwekea mikono. Siprian alikufa shahidi mwaka 258 na Kanisa linamheshimu kama mtakatifu, lakini katika jambo hili Kanisa halikumfuata. Miaka mia moja na zaidi baadaye, Agostino wa Hippo alikabiliana na Wadonati, kundi kubwa la Wakristo wa Afrika ya Kaskazini waliokuwa wakiwabatiza upya waamini waliotoka Kanisa Katoliki. Jibu lake ndilo tunaloliishi mpaka leo: abatize Petro au abatize Yuda, anayebatiza hasa ni Kristo. Sakramenti haipati nguvu yake katika utakatifu wa mhudumu wala katika usahihi wa kila jambo analoliamini.

Wengi hudhani kwamba kukubali ubatizo wa Waprotestanti ni upole mpya wa karne ya ishirini. Sivyo. Mtaguso wa Trento, ulioitishwa kuyajibu mafundisho ya Luther na wenzake, ulitamka mwaka 1547 kwamba ubatizo unaotolewa hata na wazushi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kwa nia ya kutenda lile linalotendwa na Kanisa, ni ubatizo wa kweli. Tamko hilo lilitolewa wakati mgogoro ulipokuwa mkali kuliko wakati wowote, na Kanisa halikulegeza neno. Kwa maoni yangu, hakuna hoja yenye nguvu kuliko hii kwa Mkatoliki anayedhani kwamba heshima kwa ubatizo wa Mlutheri ni dalili ya imani iliyopoa.

Ni ubatizo wa madhehebu gani unaokubaliwa, na upi haukubaliwi?

Yanayotazamwa ni maji, maneno na nia. Maji yawe maji ya kweli, iwe kwa kumimina au kwa kuzamisha. Maneno yawe yale ambayo Kristo aliyaagiza, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Na nia iwe ya kutenda anayoyatenda Kristo kwa Kanisa lake. Kwa kipimo hicho, ubatizo wa Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani, Wamethodisti, Wapresbiteri, Wabaptisti, Wasabato na sehemu kubwa ya Wapentekoste unakubaliwa.

Usiokubaliwa ni ule wa makundi yanayobatiza kwa jina la Yesu peke yake huku yakiukana Utatu, na ule wa Mashahidi wa Yehova. Kuhusu Wamormoni, Roma ilitoa jibu mwaka 2001 kwamba ubatizo wao si halali, kwa sababu ingawa wanataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, wanachokusudia kwa majina hayo kiko mbali na imani ya Kikristo. Jeshi la Wokovu na dhehebu la Marafiki (Quakers), ambao ni wengi sana magharibi mwa Kenya, hawatumii ubatizo wa maji. Kwa hiyo anayetoka kwao na kutaka kuwa Mkatoliki huanza kama mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa ili abatizwe. Isidhaniwe kwamba ukali huu ni kwa wengine tu, kwa maana mwaka 2020 Roma ilitamka kwamba hata ubatizo uliotolewa ndani ya Kanisa Katoliki kwa kusema "sisi tunakubatiza" badala ya "mimi ninakubatiza" si halali, na waliobatizwa hivyo wabatizwe.

Mkatoliki aliyebatizwa tena kwa "maji mengi", kisha akarudi, afanyiwe nini?

Habatizwi mara ya tatu. Ubatizo wake wa utotoni haukufutika, na tendo la pili halikuwa ubatizo. Anachohitaji ni kuzungumza na paroko wake, kutubu katika sakramenti ya kitubio, na kupokelewa tena katika ushirika wa Kanisa.

Je, Wakristo hawa wanabeba hatia ya kujitenga na Kanisa?

Mtaguso unasema kwamba utengano ulitokea mara nyingi kwa makosa ya watu wa pande zote mbili, na kwamba wale wanaozaliwa leo katika jumuiya hizo na kulelewa humo katika imani ya Kristo hawawezi kushtakiwa kwa dhambi ya utengano; Kanisa Katoliki linawakumbatia kwa heshima na upendo wa kindugu.

Anayeishi Kilimanjaro analielewa hili bila kuhitaji mwalimu. Machame ni ya Walutheri kwa sababu wamisionari wa Leipzig ndio walioweka mizizi huko. Kibosho, Kilema na Rombo ni za Wakatoliki kwa sababu walifika Mapadre wa Roho Mtakatifu. Bibi wa Machame aliyelelewa kwa katekisimu ya Luther, akaimba tenzi maisha yake yote na kuzikwa na usharika wake, hakumwasi Papa yeyote. Alimpokea Kristo kwa mkono uliomletea. Kumwita mwasi ni kumsingizia, na usingiziaji ni dhambi hata ukifanywa kwa jina la kuitetea dini.

Kwa nini basi Kanisa Katoliki linasema kwamba madhehebu yao ni "jumuiya za kikanisa" na si "Makanisa"?

Hili ndilo linalowaumiza wengi, na linastahili kuelezwa kwa utaratibu. Mwaka 2000 Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa tamko Dominus Iesus, lililosema kwamba jumuiya ambazo hazikuhifadhi uaskofu halali na ukweli mzima wa fumbo la Ekaristi si Makanisa kwa maana kamili ya neno hilo. Mwaka 2007 jambo hilo lilirudiwa.

Kinachopimwa hapa ni muundo wa kisakramenti. Utakatifu wa waamini haumo katika kipimo hicho, wala juhudi yao katika Maandiko, wala ukweli wa sala zao. Kwa imani ya Kikatoliki, Kanisa mahali fulani hujengwa na Ekaristi. Ekaristi inahitaji padre aliyewekwa wakfu. Na padre huwekwa wakfu na askofu aliye katika mfululizo usiokatika kutoka kwa mitume. Pale ambapo mfululizo huo ulikatika, kuna ubatizo wa kweli, kuna Neno la Mungu, kuna neema inayookoa, lakini kuna kitu ambacho Kristo alikikusudia kwa Kanisa lake na ambacho hakipo. Mtu anaweza kulikataa fundisho hili, na Waprotestanti wanalikataa kwa sababu wanazozieleza kwa uaminifu, lakini asilisome kama tusi. Pamoja na hayo, katika mazungumzo ya kila siku hakuna ubaya wowote kumwita jirani kwa jina ambalo wenzake wamejichagulia, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) au Kanisa Anglikana. Nyaraka za Kanisa Katoliki lenyewe hufanya hivyo.

Waanglikana huleta swali la pekee, hasa kwa Mkatoliki aliyetembelea Masasi au Mkunazini, Zanzibar, mahali ambapo urithi wa wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, bado unaonekana. Anakuta kasula, ubani, misa na mtu anayeitwa padre, akajiuliza tofauti iko wapi. Papa Leo wa Kumi na Tatu alitamka mwaka 1896 kwamba daraja takatifu za Kianglikana si halali, kwa sababu ibada ya upadrisho ilibadilishwa katika karne ya kumi na sita kwa namna iliyoondoa maana ya ukuhani wa sadaka. Tamko hilo linaendelea kushikiliwa. Ndiyo maana mchungaji wa Kianglikana anayejiunga na Kanisa Katoliki na kuitwa kuwa padre hupewa daraja takatifu upya, ingawa habatizwi upya.

Waorthodoksi wako katika nafasi ipi?

Wako karibu nasi zaidi kuliko wengine wote. Makanisa ya Mashariki, yaani Waorthodoksi wanaohusiana na Konstantinopoli na Aleksandria, na vilevile Wakopti, Waethiopia na Waeritrea ambao utengano wao ulianzia kwenye Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, yana maaskofu halali, mapadre halali na Ekaristi ya kweli. Yanaitwa Makanisa kwa maana kamili. Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo wa Sita na Patriaki Athenagora waliziondoa kwa pamoja laana ambazo Roma na Konstantinopoli zilitoleana mwaka 1054. Mwaka 2023 Papa Fransisko aliwaingiza katika orodha ya mashahidi wa Kanisa la Roma wale wanaume 21 waliouawa na magaidi pwani ya Libya mwaka 2015, ishirini kati yao wakiwa Wakopti kutoka Misri na mmoja kutoka Ghana. Hawakuwa Wakatoliki, na sasa wanakumbukwa katika kalenda yetu.

Je, fundisho kwamba "nje ya Kanisa hakuna wokovu" limefutwa?

Halikufutwa, ila mara nyingi linafafanuliwa vibaya. Padre Leonard Feeney wa Boston alifundisha katika miaka ya 1940 kwamba asiye Mkatoliki kwa uwazi ataangamia. Mwaka 1949 Roma ilimwandikia askofu mkuu wake kuukataa ufafanuzi huo, na mwaka 1953 padre huyo alitengwa na Kanisa kwa ukaidi wake. Alipatanishwa nalo kabla ya kufa. Kanisa linafundisha kwamba wokovu wote hutoka kwa Kristo aliye Kichwa kupitia Kanisa lililo Mwili wake. Hawawezi kuokoka wale wanaojua kwamba Kanisa Katoliki liliwekwa na Mungu kwa njia ya Kristo kuwa la lazima na hata hivyo wakakataa kuingia au kudumu ndani yake. Mlutheri mwaminifu asiyeamini hivyo hamo katika sentensi hiyo. Zaidi ya hayo, Mtaguso unasema kwamba Roho wa Kristo hakukataa kuzitumia jumuiya hizo kama njia za wokovu.

Ikiwa ni ndugu, kwa nini hawapewi komunyo katika Misa?

Kwa sababu kupokea komunyo ni kusema jambo. Padre anasema "Mwili wa Kristo" na anayepokea anajibu "Amina", na katika Amina hiyo anakiri kwamba kile anachokipokea ni Kristo mwenyewe, na pia kwamba yuko katika ushirika na Kanisa hili, na askofu wa mahali hapa, na Baba Mtakatifu ambaye jina lake limetajwa dakika chache tu kabla katika Sala ya Ekaristi. Kumwomba mtu aseme Amina kwa jambo ambalo hajalikubali ni kutoiheshimu dhamiri yake.

Sheria haikufunga mlango wote. Kanuni ya 844 inaruhusu Wakristo wengine waliobatizwa wapewe kitubio, Ekaristi na mpako wa wagonjwa wanapokuwa katika hatari ya kufa, au katika hitaji jingine zito kwa uamuzi wa askofu wa jimbo au baraza la maaskofu, ikiwa hawawezi kumpata mhudumu wao, wanaomba kwa hiari yao, wanaonyesha imani ya Kikatoliki kuhusu sakramenti hizo, na wako katika hali inayostahili. Masharti haya yote huenda pamoja. Arusi, msiba au sherehe ya kipaimara cha mtoto, hata ikiwa kubwa namna gani, si hitaji zito kwa maana hiyo. Kwa waamini wa Makanisa ya Mashariki masharti ni mepesi zaidi, kwa kuwa imani yao kuhusu Ekaristi ni moja na yetu, lakini wao wenyewe kwa kawaida hufuata nidhamu ya Kanisa lao.

Je, Mkatoliki anaweza kushiriki chakula cha Bwana kwa Walutheri au Waanglikana? Hapana. Aende ibadani na mwenzi wake, aimbe, asikilize mahubiri, aombe, na wakati wa meza abaki kwenye kiti chake.

Maumivu yaliyomo katika jibu hili ni ya kweli. Mume na mke waliolala nyumba moja na kusali Baba Yetu pamoja alfajiri wanafika kanisani, na mmoja anasimama kwenye mstari huku mwingine akibaki na watoto. Sioni sababu ya kuyaficha maumivu hayo wala kuyapunguza kwa maneno matamu. Kristo aliomba wote wawe na umoja, na katika mstari ule wa komunyo inaonekana waziwazi kwamba bado hatujafika.

Mkatoliki akitaka kuoana na Mkristo wa dhehebu lingine, anatakiwa kufanya nini?

Aanze kwa paroko wake, na aanze mapema, kabla ya mahari na kabla ya kadi za mchango. Kwa ndoa ya mseto kati ya wawili waliobatizwa, sheria inadai ruhusa ya askofu wa mahali. Kwa ndoa na mtu asiyebatizwa, inadai jambo zito zaidi, yaani kuondolewa kizuizi cha tofauti ya dini, na bila hilo ndoa si halali. Ndiyo maana cheti cha ubatizo cha mchumba wa Kilutheri au wa Kisabato huombwa ofisini: hicho ndicho kinachoonyesha ni mlango upi unaobishwa.

Upande wa Kikatoliki hutamka kwamba uko tayari kujiepusha na hatari ya kuiacha imani, na huahidi kwa moyo wa kweli kufanya yote unayoweza ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Upande wa pili hujulishwa ahadi hiyo kwa wakati unaofaa. Hautii sahihi wala hauahidi. Sheria ya mwaka 1917 ilidai ahadi kutoka pande zote mbili. Badiliko lililetwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1970 kwa kuheshimu dhamiri ya mwenzi asiye Mkatoliki. Wazee wengi vijijini bado hueleza sheria ya zamani, na huwatisha wachumba bila sababu.

Ndoa hufungwa mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Kukiwa na ugumu mkubwa, kwa mfano baba wa bibi arusi ni mchungaji na arusi ikifanyika nje ya usharika wake ukoo mzima utapasuka, askofu anaweza kuruhusu ifungwe kwa utaratibu wa dhehebu hilo. Kisichoruhusiwa ni ibada mbili, asubuhi kwa padre na jioni kwa mchungaji, kila moja ikipokea ukubali wa wachumba upya. Mchungaji anaweza kualikwa kusoma Neno, kuomba na kuwabariki arusi, ila ukubali hutolewa mara moja.

Mkatoliki aliyefunga ndoa usharikani bila ruhusa hiyo hana ndoa halali mbele ya Kanisa lake, na huzuiliwa sakramenti mpaka ndoa irekebishwe. Jambo hilo hutengenezeka, na mara nyingi kwa haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo asikae miaka kumi akiona aibu kumwona paroko.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Walutheri wawili waliofunga ndoa kanisani kwao wana ndoa ambayo Kanisa Katoliki linaihesabu kuwa halali, tena sakramenti, kwa kuwa wote wawili wamebatizwa. Matokeo yake ni kwamba Mlutheri aliyepewa talaka na mahakama hawezi kuja tu na kumwoa binti wa Kikatoliki kwa hoja kwamba "ile ndoa haikuwa ya Kikatoliki". Kifungo chake cha kwanza kinaheshimiwa, na ikiwa kuna shaka juu yake, kesi hupelekwa kwenye mahakama ya Kanisa.

Tunaweza kusali pamoja, na kuzikana?

Tunaweza, na Kanisa linatuhimiza. Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari, lakini mahali tunapokutana hasa ni msibani. Baba Yetu inaanza kwa pamoja uani kwa marehemu. Wakatoliki wanafika "utuopoe maovuni" na kunyamaza, huku Walutheri wakiendelea peke yao, "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu". Mkatoliki asisite kuendelea nao. Maneno hayo ni yake pia: huyatamka katika kila Misa muda mfupi baada ya Baba Yetu, na yalikuwa yakitumika katika sala za Wakristo karne nyingi kabla ya Luther.

Waprotestanti kwa kawaida hawaombei marehemu, nasi tunaombea. Mkatoliki aliyeko kwenye msiba wao afuate ibada yao kwa heshima, kisha asali rozari yake nyumbani au aombe Misa parokiani. Mkristo mwingine anaweza hata kuzikwa kwa mazishi ya Kikatoliki kwa uamuzi wa askofu, ikiwa mhudumu wake hapatikani na ikiwa inajulikana kwamba yeye mwenyewe hakulikataa jambo hilo.

Mashahidi wa Uganda walikuwa Wakatoliki pekee?

Hapana. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua Wakatoliki na Waanglikana, na tarehe 3 Juni 1886 vijana wa pande zote mbili walichomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na katika mahubiri ya siku hiyo alisema hataki kuwapita kimya wale wa Kianglikana ambao nao walikufa kwa ajili ya jina la Kristo. Ilikuwa mwezi mmoja na siku chache tu kabla ya Mtaguso kuipitisha hati yake juu ya umoja. Papa Fransisko alipofika Namugongo mwezi Novemba 2015, alizuru kwanza mahali patakatifu pa Waanglikana, kisha akaadhimisha Misa pa Wakatoliki. Waliowafunga wale vijana kwenye matete hawakuuliza nani alibatizwa na nani.

Je, Kanisa limebadili msimamo wake?

Limebadili mwenendo wake, na hilo lisifichwe. Mwaka 1928 Papa Pio wa Kumi na Moja aliwakataza Wakatoliki kushiriki mikutano ya umoja wa madhehebu, akihofia kwamba imani ingegeuzwa kuwa jambo la mapatano. Miaka 36 baadaye Mtaguso uliifanya kazi ya umoja kuwa wajibu. Ambacho hakikubadilika ni madai kwamba Kanisa moja la Kristo linadumu katika Kanisa Katoliki.

Tunda kubwa kuliko yote ni tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, lililotiwa sahihi na Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Humo pande zote mbili zilikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, katika imani kwa kazi ya wokovu ya Kristo, si kwa mastahili yetu, nasi tunampokea Roho Mtakatifu anayetufanya upya na kutuita tutende mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. KKKT ni mwanachama wa shirikisho hilo. Kwa hiyo mhubiri wa upande wowote anayesema kwamba Wakatoliki wanafundisha wokovu wa kununuliwa kwa matendo anayapinga maandishi yaliyokubaliwa na pande zote mbili. Hapa nyumbani ushirikiano una sura ya hospitali na shule: Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii iliundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania.

Tufanyeje na wahubiri wanaotuita waabudu sanamu?

Tuwajibu kwa kuijua imani yetu. Anayeulizwa kuhusu Bikira Maria na hana jibu asimkasirikie aliyeuliza. Ajiunge na mafundisho parokiani. Mtaguso unatutaka sisi kwanza tuondoe maneno na hukumu zisizoeleza kwa ukweli na haki hali ya ndugu waliotengana nasi, na agizo hilo linavunjwa kila tunapoigiza kunena kwa lugha ili watu wacheke kwenye jumuiya ndogondogo. Kanisa Katoliki limekuwa na mazungumzo rasmi na Wapentekoste tangu mwaka 1972. Tukubali pia kwamba wengi waliotuacha walikwenda mahali walipotembelewa walipougua na kuitwa kwa majina yao, na hilo ni swali kwetu kabla halijawa lawama kwao.

Mlutheri au Mwanglikana akitaka kuwa Mkatoliki, hupitia hatua gani?

Haitwi mkatekumeni, na haambiwi aulaani usharika uliomlea. Hufundishwa kwa kadiri ya mahitaji yake, huungama dhambi zake, kisha katika Misa hukiri Imani pamoja na waamini na kuongeza kwamba anaamini yote ambayo Kanisa Katoliki linaamini na kufundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu. Hupewa kipaimara na kupokea Ekaristi. Ubatizo kwa sharti, yaani unaotolewa kwa kusema "kama hujabatizwa", hutolewa tu pakiwa na shaka nzito baada ya uchunguzi, na hufanyika bila shamrashamra.

Rafiki yangu Mmoraviani anaweza kuwa msimamizi wa ubatizo wa mwanangu?

Msimamizi lazima awe Mkatoliki, kwa kuwa anachukua wajibu wa kumlea mtoto katika imani hii. Rafiki yako anaweza kusimama pamoja na msimamizi huyo kama shahidi wa ubatizo, na jina lake likaandikwa katika daftari la parokia. Kwenye arusi yako anaweza kuwa shahidi wa ndoa bila kizuizi chochote.